Somo: Kuendesha chama cha wanafunzi mahiri wa Kiingereza na fasihi katika shule ya upili

Walimu wengi wanaotaka chama hiki huanza na beji. Mimi nitawaomba muanze na kazi, na beji ije muhula wa pili, au isije kabisa.

Vyama hivi asili yake ni Marekani. Mwaka 1921 muungano wa wakuu wa shule za sekondari huko ulianzisha National Honor Society, chama chenye nguzo nne: usomi, huduma, uongozi na maadili. Wanafunzi wa Kiingereza walipata chama chao, National English Honor Society, mwaka 2005, chini ya Sigma Tau Delta, ambacho ni cha wanafunzi wa vyuo na kilianza 1924. Si klabu ya kila apendaye kusoma. Mtu huingia kwa kuteuliwa, na akishaingia anadaiwa huduma. Habari za deni hilo huwa hazifiki huku kwetu Kenya. Kinachofika ni cheti, na ndiyo maana vyama vingi vya namna hii hubaki picha tu kwenye jarida la shule.

Hatua ya kwanza: kibali na kalenda

Andika ukurasa mmoja: lengo la chama, nani ataingia na kwa njia gani, mtakutana siku gani, mlezi ni nani, na sentensi inayosema wazi kwamba hakuna mzazi atakayetozwa hela. Upitishe kwa mkuu wa idara ya lugha kabla haujafika mezani kwa mwalimu mkuu. Ukimruka mkuu wa idara, sahihi ya mwalimu mkuu utaipata lakini chumba hutakipata.

Kisha tazama kalenda. Muhula wa kwanza ni wa drama. Tamasha la kitaifa la drama za shule, ambalo limekuwepo tangu 1959, kwa kawaida hufikia kilele Aprili, na watoto wako hodari wa Kiingereza ndio hao hao wanaopanda jukwaani. Ukigombania watoto na mwalimu wa drama mwezi wa Februari utashindwa, na ni haki yako ushindwe. Muhula wa tatu umemezwa na mitihani. Kwa hiyo muhula wa kwanza tangaza na upokee maombi, wa pili fanya uteuzi na majaribio, na mwanzoni mwa wa tatu kidato cha nne wakabidhi daftari kwa wadogo wao.

Hatua ya pili: uteuzi

Alama za mtihani mmoja hazitoshi. Tazama wastani wa mihula miwili, na B iwe ndiyo sakafu. Halafu kila mwombaji alete maandishi mawili: insha ya kubuni, na ukurasa mmoja wa uhakiki wa shairi au hadithi ambayo hakufundishwa darasani. Mwalimu asiye wa idara ya lugha aondoe majina na kuweka nambari, ndipo walimu watatu wasome. Mlezi asiwe miongoni mwao, maana anawajua watoto kwa miandiko yao.

Kwa sasa mambo yana mkanganyiko wake. Mwaka 2026 shule ina gredi ya 10 ya mtaala mpya ikikaa pamoja na kidato cha tatu na cha nne cha 8-4-4, mfumo wa zamani. Hawa wana A hadi E, wale wanapimwa kwa viwango vya umilisi. Usijaribu kugeuza viwango vya gredi ya 10 viwe A na B. Utabishana na wazazi hadi Desemba. Watengee nafasi zao, maandishi yao yaamue.

Na wanafunzi wasipigiane kura. Kura ni ya kuchagua mwenyekiti na katibu baadaye. Uteuzi ukiwa wa kura, utaletewa nahodha wa raga na yule mwenye sanduku lililojaa biskuti.

Hatua ya tatu: kazi

Hapa ndipo chama kilipo. Aliyeteuliwa si mwanachama bado. Yuko kwenye majaribio ya nusu muhula, na majaribio yenyewe ni kliniki ya insha.

Mnahitaji meza tatu au nne maktabani, mara moja kwa wiki, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Mwanafunzi yeyote wa shule anakuja na alichoandika, kiwe na D au A. Anakisoma mwenyewe kwa sauti. Mwanachama anasikiliza, na mkononi hana kalamu. Sheria hiyo ya kalamu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mtoto anayejua sarufi mkono humwasha akiona kosa. Lakini akishaishika tu, insha imekuwa yake, na mwenye insha ameketi pale kama mgeni. Badala yake anauliza: Unataka msomaji abaki na nini? Ulipokuwa ukiandika, ulichoka wapi? Sentensi gani humu unaipenda? Swali la pili lina mavuno mengi. Mwandishi alipochoka, mara nyingi msomaji naye huchokea hapo hapo, na wote wawili wanaweza kuweka kidole kwenye mstari wenyewe. Mwenye insha anaondoka na jambo moja la kurekebisha. Mkimpa manne, hatarudi.

Elekezeni kliniki kwenye yale ambayo darasani hayapati muda. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za kuzungumza, ingawa mtahiniwa hafungui mdomo. Kila kitu hujibiwa kwa maandishi. Matokeo yake ni kwamba watoto hukariri majibu ya kiimbo bila kuwahi kukisikia. Wanachama wakae wasimulie ngano, wategeane vitendawili, washindane kwa vitanzandimi, kisha waulizane kwa nini msimulizi alishusha sauti pale na kwa nini hadhira ilicheka. Mtoto aliyesimama akasimulia hadithi ya nyanya yake hahitaji kukariri chochote.

Karatasi ya tatu nayo ina alama 60: insha ya kubuni 20, na insha mbili za vitabu teule, 20 kila moja. Ugonjwa wa hapo unajulikana: mtoto anasimulia kitabu badala ya kujibu swali. Mfundishe mwanachama kuuliza kila mwisho wa aya, “Hapa unajibu au unasimulia?” Aulize hivyo tu, kisha anyamaze.

Mara moja kwa mwezi wanachama waende shule ya msingi jirani wakasome na watoto wa gredi ya 4 au ya 5. Barua za walimu wakuu wote wawili ziwepo, na mwalimu mtu mzima awe chumbani muda wote.

Angalizo moja la kisheria: kliniki isigeuke tuisheni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Likizo ikifika, chama kinalala.

Hatua ya nne: vitabu

Usingoje bajeti. Hapa Nairobi, Maktaba ya McMillan iko Banda Street tangu 1931, na matawi yake mawili yako Eastlands, Kaloleni na Makadara. Shule za upande ule zianze na hayo mawili kabla ya kufikiria nauli ya kuja mjini. Upper Hill kuna maktaba kuu ya taifa. Wauzaji wa vitabu vya mitumba kando ya barabara mjini kati wana riwaya ambazo duka kubwa halina, na wengi wao hukubali kubadilishana ukiongeza hela kidogo. Septemba, yakiwepo maonyesho ya vitabu ya kimataifa Sarit Centre, peleka wanachama siku ya Ijumaa, kwa basi la shule na barua za wazazi.

Vitabu vya chama viandikwe kwenye kaunta buku: jina la kitabu, aliyeazima, tarehe. Programu za simu ni nzuri, ila simu za wanafunzi ziko kabatini kwa naibu wa mwalimu mkuu.

Hatua ya tano: kuapishwa

Fupi, kwenye gwaride au siku ya wazazi. Kila mwanachama anasoma aya moja aliyoiandika mwenyewe, na mwalimu mkuu anampa mkono. Wamarekani hupenda mishumaa kwenye hafla hizi. Kwa historia ya moto katika shule zetu za mabweni, mishumaa iacheni kanisani.

Picha za hafla zisipandishwe mtandaoni bila idhini ya mzazi kwa maandishi. Sheria ya Kulinda Data ni ya 2019, na mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kosa hilo.

MASWALI NA MAJIBU

Mwalimu, shule ya kutwa, Dandora: Wangu wakifika saa kumi wako langoni, wengine wanakimbilia kulea wadogo zao. Hiyo saa ya kliniki naitoa wapi?

Jibu: Itoe kwenye chakula cha mchana, mwalimu. Dakika 25 siku ya Jumatano, mtoto mmoja kwa mwanachama mmoja. Insha isomwe nusu tu; aya mbili zikisikilizwa vizuri zinatosha. Na mwanachama anayelea wadogo zake nyumbani asihesabiwe utoro. Huduma anaifanya tayari.

Mzazi, Lang'ata: Binti yangu ameteuliwa na nimeambiwa nitume shilingi elfu mbili za beji na cheti kwa nambari ya mwalimu. Ni halali?

Jibu: Mama, usitume. Malipo ya shule hupitia akaunti ya shule na hupewa risiti. Mpigie mwalimu mkuu, umwulize kwa upole kama ana habari. Cheti ni karatasi moja ya printa na muhuri wa shule.

Mwalimu wa Kiswahili, Buruburu: Nasikitika kuona bado tunajenga vyama vya Kiingereza Nairobi hii. Kwa nini Kiswahili kimeachwa nje? Hata fasihi simulizi unayoisifu ni yetu.

Jibu: Hoja nzito, na ina mizizi hapa hapa mjini. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe, na mahali pake iwepo idara inayoweka fasihi ya Afrika katikati, ile ya mdomo ikiwemo, kisha zile za ng'ambo zifuate. Sisi tunaofundisha Kiingereza leo tumekaa katika nyumba waliyoipanga upya. Kwa hiyo ushauri wangu: mkiwa na walimu wawili walio tayari, anzeni chama kimoja cha lugha zote mbili. Fasihi ya Kiswahili ina alama 80 katika karatasi yake ya KCSE, na kliniki ni ile ile. Ila kusiwe na mlezi mmoja wa Kiingereza anayemwita mwenzake wa Kiswahili siku ya mashairi tu. Hilo nimeliona, na ni dharau. Wekeni walezi wawili wenye sauti sawa, na mikutano ipokezane lugha. Mkishindwa kuelewana, afadhali vyama viwili vinavyoheshimiana.

Mwanafunzi wa gredi ya 10, Kasarani: Shikamoo mwalimu. Niko mkondo wa sayansi na teknolojia, sina somo la fasihi ya Kiingereza. Naweza kuingia?

Jibu: Marahaba. Kiingereza ni lazima kwa mikondo yote. Fasihi ndiyo somo la kuchagua, lililoko mkondo wa sayansi za jamii. Leta maandishi yako mawili kama wengine. Na zungumza na mwalimu wako wa somo la huduma kwa jamii: kusoma na watoto wa shule jirani kunaweza kuwa mradi wako, akikubali kabla hujaanza.

Mlezi mpya, Westlands: Tuombe kujiunga rasmi na chama cha Marekani?

Jibu: Kama shule yenu inapeleka watoto vyuo vya huko na ina hela za ada, ulizeni. Wengine wote hamhitaji. Nguzo nne hazina mwenyewe, lakini jina na nembo vina wenyewe, kwa hiyo msivibandike kwenye beji bila kuidhinishwa. Tafuteni jina lenu.

Mwalimu, Embakasi: Insha za maombi zinakuja laini mno, kila moja na msamiati wa profesa. Nashuku akili mnemba. Nitajuaje?

Jibu: Usijisumbue kuwa mpelelezi. Insha ya kubuni iandikwe darasani, dakika 45, kalamu na karatasi, mada ikitolewa pale pale. Ile ya uhakiki waandike nyumbani, kisha kila mwombaji aketi na walimu wawili kwa dakika tano wamwulize kuhusu mstari mmoja aliounukuu. Aliyesoma shairi atabishana nanyi. Asiyelisoma atawakubalia kila kitu.

Naibu mlezi, Ngong Road: Katibu wetu amekamatwa na simu bwenini, amepewa adhabu ya shule. Wenzake wanataka atolewe chamani.

Jibu: Ameshaadhibiwa na shule, msimwadhibu mara mbili kwa kosa ambalo halihusu chama. Akae nje ya ukatibu hadi mwisho wa muhula, abaki kwenye meza ya kliniki kila wiki. Kumtoa kabisa ni kwa makosa mawili: kuiba maandishi ya mwenzake, na kumcheka aliyekuja na D.