Namna ya kujiandaa kwa kliniki ya simu, kijana unayeishi na kisukari aina ya kwanza

Mimi ni nesi wa kliniki ya kisukari. Vijana wengi ninaowahudumia wako chuo, wengine wanaendesha bodaboda au wanafanya kazi za zamu, na kuja kliniki kila mara hawawezi. Kwa hiyo tunaonana kwa simu. Simu inasaidia kweli, ila inategemea unachokuja nacho.

Hatua ya 1: Rekebisha saa ya mashine

Anza hapa, hata kabla ya kununua bando. Mashine ya kupimia sukari hutunza majibu pamoja na tarehe na saa, lakini ukibadilisha betri saa inaweza kuvurugika, na wengi hawairekebishi tena.

Halafu kuna hizi saa zetu. Kijana mmoja aliniandikia: "Sista, 3.2 saa 8, nilitetemeka sana," yaani sukari yake ilishuka hadi 3.2 (namba zote hapa ni za mmol/L). Nikajua ni saa nane mchana, nikaanza kufikiria kumpunguzia insulini ya asubuhi. Nilipompigia, kumbe ilikuwa saa nane usiku. Aliamka shuka limelowa jasho. Dozi ya kupunguza ilikuwa ya jioni! Tangu siku hiyo namwomba kila mmoja aongeze neno: asubuhi, mchana, jioni au usiku. Na kumbuka mashine ikionyesha 02:00, hiyo ndiyo saa nane usiku.

Hatua ya 2: Panga stripu zako

Stripu, vile vijiti vya kuwekea tone la damu kwenye mashine, ni ghali, najua. Kama ni chache, usizitawanye mwezi mzima. Zitumie siku tatu mfululizo kabla ya simu: kabla ya kifungua kinywa, kabla ya chakula cha jioni na kabla ya kulala. Usiku mmoja weka kengele, upime saa nane au tisa. Siku tatu zilizokamilika zinanionyesha mwendo wa sukari yako. Ila ukihisi dalili za kushuka, pima siku yoyote ile.

Hatua ya 3: Piga picha ya sahani kabla hujala

Weka ngumi yako kando ya ugali au wali, ndipo upige. "Nilikula kidogo" ya mtu mmoja ni mlima kwa mwingine, lakini ngumi haidanganyi. Andika pia sukari ya kwenye chai, mpira uliocheza, na pombe kama ulikunywa. Mpira wa jioni unaweza kushusha sukari usiku wa manane, na pombe huzuia ini kutoa sukari ya akiba. Nahitaji kujua ili nikulinde. Sitakugombeza.

Hatua ya 4: Acha namba kama zilivyo

Nimeshaona daftari la wiki mbili lililoandikwa kwa wino mmoja, mwandiko mmoja, namba zote nzuri, 6 na kitu. Mwenyewe alikuwa anaogopa kusemwa. Mdogo wangu, niletee hiyo 19. Nikiongeza au kupunguza insulini kwa namba za kubuni, nitakuumiza.

Hatua ya 5: Jua lini simu haifai

Sukari ikiwa chini ya 4, usinitafute kwanza. Kunywa nusu ya soda ya mililita 300 yenye sukari, au koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini. Ukishapona ndipo uniandikie.

Ukitapika, ukiumwa tumbo, ukipumua kwa kina na haraka huku sukari iko juu, nenda hospitali muda huo huo. Usisubiri nijibu ujumbe. Na usiache kabisa insulini kwa sababu huli. Ukiugua, mwili unaweza kuihitaji zaidi.

Hatua ya 6: Nirudishie dozi kabla hujakata

Nikikubadilishia dozi, irudie kwa sauti: insulini ipi, kiasi gani, wakati gani. Kisha iandike kwenye daftari nikiwa bado hewani, na neno "yuniti" liandike lote. Ukiandika "4U" kwa haraka, ile U inaweza kusomeka sifuri, na atakayekusaidia kuvuta dawa akaona 40.