Kutu kwenye kitunguu saumu: ninavyopambana nayo Newala

Mwezi wa sita ukisimama Shimo la Mungu, ukingoni mwa korongo letu, alfajiri, bonde la Ruvuma hulioni, ni ukungu mtupu. Ubaridi huo ndio unaotupa sisi wa Newala ujasiri wa kupanda kitunguu saumu, zao ambalo joto la Mtwara mjini na Lindi pwani hulichosha mapema. Ubaridi huohuo ndio unaoita kutu, ugonjwa wa majani. Kuvu yake hustawi kwenye nyuzi 10 hadi 24 hivi, na jani likishinda na umande saa chache tu, imeshaingia.

1. Hakikisha ni kutu

Pitisha kidole juu ya vipele vya rangi ya chungwa. Kidole kikitoka na unga kama wa binzari, ni kutu. Baadaye vipele huwa vyeusi. Madoa ya zambarau yenye duara ndani ya duara ni ugonjwa mwingine, na kwenye joto huo ndio wa kawaida zaidi kwenye vitunguu maji. Michirizi ya kung'aa kama fedha ni kazi ya vithripi, wale wadudu wembamba wanaojificha katikati ya majani. Usitibu kisichokuwepo.

Na niseme hapa, maana nimeulizwa mara nyingi: kutu haitokani na maji ya mvua yaliyopita kwenye bati chakavu. Kutu ya bati na ya kitunguu zinafanana jina na rangi tu.

2. Toa majani yaliyoanza

Subiri umande ukauke na upepo uwe umetulia, kwa sababu ule unga ndio mbegu ya ugonjwa na hupeperuka mbali. Ingiza jani ndani ya mfuko kwanza, ndipo ukate. Choma au fukia, usitupe kwenye shimo la mboji. Mmea ukiwa na jani moja au mawili yenye vipele, kata. Yakiwa mengi, acha kisu. Ukiunyoa mmea wote utavuna tumba kama punje ya korosho.

3. Maji shinani, asubuhi

Keni inayomwaga juu ya majani jioni inaulaza mmea ukiwa umelowa. Mimi natumia kopo, mmea kwa mmea. Maji Newala ni ya kuhesabu, kwa hiyo hata ndoo inanishukuru. Kama ulibananisha, punguza ibaki sentimita 15 kati ya mche na mche, upepo upite.

4. Acha urea

Majani mabichi teketeke yaliyonenepa kwa naitrojeni ndiyo kutu inayapenda. Majivu kidogo kwenye udongo huongeza potasiamu, ila kuyapaka juu ya majani hakuponyi kitu.

5. Salfa, lakini mapema

Hapa sisi watu wa mikorosho tuna bahati, kila nyumba inaijua salfa kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe wa mikorosho. Kwenye vitunguu nayo husaidia, ila inakinga tu. Jani likishavimba vipele, umechelewa. Kwa bustani ndogo nachukua ile ya kuchanganywa na maji, napima kama lebo inavyosema na kupulizia jioni majani yakiwa makavu, kwa kuwa kwenye jua kali huunguza. Usiichanganye na mafuta ya mwarobaini wala kupulizia kimoja mara baada ya kingine. Vaa barakoa na miwani, unga ule unawasha macho vibaya. Ukilazimika kutumia dawa kali zaidi, kama zenye tebukonazoli, nunua iliyosajiliwa kwa vitunguu na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

6. Tafuta ilikojificha

Misimu miwili nilihamisha tuta na kutu ikanifuata. Kumbe ilikuwa bafuni. Pale maji machafu yanapotokea nilikuwa na vitunguu majani vya mboga, kijani mwaka mzima, na majani ya chini yamejaa vipele. Kuvu hii huishi kwenye jamii ya vitunguu: saumu, liki, vitunguu majani, na vitunguu maji kwa kiasi. Kishada kimoja kisichong'olewa huivusha hadi msimu ujao. Ng'oa vyote vilivyojiotea, na tuta moja lisirudiwe na ndugu hao kwa miaka mitatu.

7. Ikija mwishoni

Zikiwa zimebaki wiki mbili tatu kuvuna, usihangaike na dawa. Tumba litakuwa dogo kidogo, lakini linalika bila shida yoyote, kwani ugonjwa unabaki kwenye majani. Vuna, kausha kivulini kwanza, ndipo ukate majani na kuyachoma au kuyafukia.

Tuta la mwaka huu nimelipanda mbaazi. Vitunguu majani vya bafuni nimeviondoa. Vipya viko kwenye karai bovu mlangoni mwa jiko, ambako kila ninapochuma vya mchuzi nageuza na majani ya chini.