Unakwenda Zanzibar? Angalia mwezi kwanza

Kabla ya kulipia chumba Paje au Jambiani, tazama kalenda ya mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida: mnamo saa nne asubuhi maji yamekupwa, na mbele yako ni mchanga mtupu, vijiti vya mwani na akina mama wakivuna. Kuogelea, usubiri hadi alasiri. Mimi huipenda hiyo hali, ila mwenye watoto wanaolilia maji atafute Nungwi au Kendwa.

Fungu la Nakupenda, ule mchanga ulioinuka katikati ya bahari, nalo humezwa maji yakijaa. Siku za bamvua panda boti Forodhani asubuhi na mapema, fungu kwanza, kobe wa kisiwa cha Changuu baadaye. Na viatu vya maji, jamani; miba ya urumba, yule mnyama wa baharini aliyejaa miba, haina adabu.