Namna ya Kutumia Uhuru wa Kikristo Bila Kumkwaza Ndugu

Ukialikwa kwenye shughuli ya ukoo huko Sikonge au Uyui mkoani Tabora, ukaletewa ugali na nyama ya mbuzi, kula, wala usianze kuuliza mbuzi alichinjwa kwa nia gani. Ndivyo Paulo alivyowaelekeza Wakorintho katika sura ya 10 ya waraka wake wa kwanza, kwa kuwa nyama iliyouzwa sokoni kwao huenda ilikuwa imepitia hekaluni, naye alijua kwamba sanamu si kitu. Lakini jirani yako mkekani akikunong'oneza kwamba huyo ni mbuzi wa tambiko, iache. Nyama haikubadilika, ila unaiacha kwa ajili ya huyo aliyekuambia.

Kwa hiyo, kabla ya kunyoosha mkono, tazama ni nani aliyeketi karibu nawe. Tuseme ni mtu aliyebatizwa mwaka jana, ambaye hirizi yake ilichomwa moto mbele ya wazee wa kanisa, na hadi leo vidole vyake hupapasa mkono pale ilipokuwa imefungwa. Kwake nyama ile bado ni ya mizimu. Akikuona unaitafuna, anaweza kula huku moyo ukimshitaki, na Warumi 14 inasema kwamba kula pasipo imani ni dhambi, ijapokuwa wewe ungekula kwa amani. Ndivyo ilivyo kwa wanzuki, pombe ya asali, pia: hata kama kanisa lako halikatazi kikombe kimoja, usikinywe mbele ya aliyeacha ulevi juzi.

Hata hivyo, kukwazika si sawa na kuudhika. Anayekwazika huvutwa kutenda asichokiamini, hali anayeudhika mara nyingi ni mkongwe wa ushirika ambaye hatayumba hata ukila nini, bali angependa sote tufuate desturi zake (kwa kawaida hukaa benchi la mbele). Mheshimu na umsikilize, lakini usiifanye dhamiri yake kuwa sheria yako, maana Paulo huyo huyo aliwakataza wasiokula kuwahukumu wanaokula.

Ukijizuia, usijitangaze, kwa kuwa kumwambia mtu hadharani kwamba umeacha kwa ajili yake ni kumwaibisha; wala usidai umeshiba ilhali una njaa. Megea ugali wako kwenye mlenda na mazungumzo yaendelee. Siku nyingine, mkiwa wawili tu, someni pamoja sura ya 8 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, naye aulize anachotaka.