Kufufua Datsun 240Z: anza chini ya betri

Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, na kwangu hakuna gari la spoti linaloifikia. Ukilipata, usikimbilie rangi. Toa betri kwanza, ukague bamba inapokaa: asidi humwagikia hapo, kutu ikashuka hadi kwenye fremu. Kisha inua zulia, uidunge sakafu kwa bisibisi. Inapotoboka, kata chuma chote kilichooza, uchomelee bamba jipya, upake praima siku hiyohiyo. Fundi akitaka kufukia kutu kwa puti, chukua gari lako uondoke.

Injini yake, L24, ni imara mno. Pima nafasi za valvu ikiwa baridi: milimita 0.20 za kuingiza, 0.25 za kutolea moshi. Kabureta zake mbili lazima zivute hewa sawasawa. Tega sikio kwa kipande cha bomba la mpira kwenye mdomo wa kila moja, ukirekebisha skrubu mpaka mivumo ifanane (napenda sana kazi hii). Dampa za kabureta (sehemu zinazotuliza mwendo wa pistoni zake) zitilie oili nyepesi. Zikikauka, gari hukohoa ukikanyaga mafuta ghafla.

Plagi na platini (kikata-umeme cha kuwasha cheche) zikague kama kwa gari lolote la zamani. Halafu liendeshe kila wiki mpaka lipate joto kamili.