Poka: anzeni kwa korosho

Wadogo zangu mnaojifunza poka hapa Mtwara, hela wekeni mbali. Gawaneni korosho ghafi, 50 kila mmoja, ndizo ziwe dau.

Kosa la wengi ni kung'ang'ania kila karata wanazogawiwa. Jozi, yaani karata zako mbili za mwanzo kuwa za namba moja, huja wastani wa mara 1 katika 17, kwa hiyo mara nyingi unaweka chini na kutazama wenzako.

Jana kijana kashika karata mbili, zote kopa; mezani zimelala karata 4, mbili kati yake kopa. Imebaki kufunuliwa moja, naye anaitaka kopa ya tano ili awe na karata tano za aina moja. Kopa ni 13, kaziona 4. Zimebaki 9 kati ya karata 46 asizoziona, kama 1 kwa 5. Kuendelea ni korosho 10, katikati, kwenye dau la wote, zipo 20 tu; kwa nafasi hiyo zingefaa ziwe zaidi ya 40. Hapo achia. Yeye alilipa.