SOMO: Bima ya ajali na bima ya afya, ipi inalipa nini

Wadau habari zenu. Hili swali naulizwa sana na wateja, mtu ana kadi ya afya anaona ya nini tena kukata ya ajali, mwingine kakata ya ajali anadhani akiugua malaria ataenda nayo hospitali. Hapana jamani, ni vitu viwili tofauti, tuende taratibu.

HATUA YA 1: Jiulize hela anapewa nani
Bima ya afya inailipa hospitali. Unaonyesha kadi unatibiwa, iwe malaria, presha au mguu uliovunjika, kulingana na kifurushi chako, ila mkononi hupewi kitu. Bima ya ajali inakulipa wewe, au ukifariki wanalipwa warithi wako, na ni kwa jeraha la tukio la ghafla tu. Malipo yako kwenye jedwali la mkataba: kupoteza macho yote mawili mara nyingi ni asilimia 100 ya kiwango ulichokatia, jicho moja asilimia 50. Yaani umekata ya milioni 10, ukipoteza jicho moja unapata milioni 5 hata kama matibabu yote yalilipiwa na kadi ya afya.

Sasa chukua fundi ujenzi kavunjika mguu. Kadi ya afya imemfunga POP vizuri tu, lakini huko nyumbani kodi nani analipa, watoto wanakula nini? Bima nyingi za ajali zina malipo ya kila wiki kwa muda ambao huwezi kufanya kazi, mpaka wiki 52 au 104 kutegemea mkataba. Kwa mtu anayeishi kwa mikono yake mimi hiki kipengele nakiona muhimu kuliko vyote na ndo watu hawakiulizi kabisa wakati wa kukata.

HATUA YA 2: Angalia ulichonacho tayari
Kama umeajiriwa Tanzania bara, ukiumia kazini kuna WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, anachangia mwajiri, wewe hukatwi hata mia. Wanatibu na wanalipa asilimia 70 ya mshahara kwa ulemavu wa muda, mpaka miezi 24. Ukigongwa na gari, madai yanaenda kwenye bima ya gari lililokugonga, hata kama ni ile bima ndogo (third party, inayolipa watu wengine walioumizwa na gari). Dereva mwenyewe bima ndogo haimlipi, hapa wengi wanakwama.

HATUA YA 3: Soma ukurasa wa visivyolipwa
Ulevi, kujiumiza makusudi, kuendesha bila leseni. Usisaini kabla hujausoma, mwambie wakala akusomee kwa Kiswahili kama hauelewi, ni haki yako.

HATUA YA 4: Ajali ikitokea
PF3 (fomu ya polisi ya mtu aliyeumia), ripoti ya daktari, risiti orijino, na taarifa kwa kampuni mapema, usisubiri mpaka upone.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mimi ni bodaboda, nikate ipi?
Jibu: Zote mbili ukiweza, ila angalia sana kaka, mikataba mingi ya ajali inaitoa pikipiki mpaka uongeze hela. Uliza hilo swali la kwanza kabisa na jibu uandikiwe kwenye mkataba, la mdomo halikusaidii.

Swali: Mzee wangu alianguka bafuni akavunjika nyonga, daktari anasema ilianza stroku ndo akaanguka. Wanalipa?
Jibu: Pole sana dada. Hapo bima ya ajali inaweza kukataa kwasababu chanzo ni ugonjwa, sio kuteleza. Matibabu tumia kadi ya afya, halafu ripoti ya daktari isomeni vizuri, ndo itaamua.

Swali: Bili moja naweza kuklemu kote kote?
Jibu: Bili ya hospitali hapana, hailipwi mara mbili, ndo maana wanataka risiti orijino. Malipo ya ulemavu au kifo hayo unapata hata ukiwa na bima ya ajali mbili.

Swali: Kampuni inanizungusha, kila nikienda njoo kesho.
Jibu: Waandikie barua, ubaki na kopi iliyogongwa muhuri. Wakiendelea kukaa kimya peleka malalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima Tanzania, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na ile kopi, mkataba na PF3.